Beseni Kuukuu, Jani la Nduma na Mfuko Mmoja wa Simiti



Kuna kikundi kimoja cha akina mama huko Imenti Kusini kilichonialika niende kuona mradi wao mpya wa vyungu vya maua vya simiti. Nilipofika nilikuta vyungu kumi na vitano vimepangwa mstari mmoja chini ya mti wa avokado, vimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kwa mbali vilipendeza sana. Nikainua kimoja nikitazame vizuri. Ukingo ukabaki mkononi mwangu, chungu chenyewe kikaanguka chini kikawa changarawe. Tukajaribu cha pili, halafu cha tatu. Kufikia jioni vilibaki vinne tu, na hivyo vinne hakuna aliyetaka kuvigusa.

Hakuna aliyecheka. Simiti, mchanga na rangi vilinunuliwa kwa pesa za mzunguko wa mwezi ule, na mama ambaye ilikuwa zamu yake kupokea alikuwa amekubali kungoja ili mradi uanze. Karo ya mtoto wake ilikuwa imo ndani ya vile vyungu. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, hapa tulikosea wapi?"

Wiki iliyofuata nilirudi na fundi mzee ambaye amejenga makanisa mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alichukua kipande kimoja, akakisugua kwa kidole, akasema makosa ni matatu: mchanga ni mchafu, maji yalizidi, na vyungu vilianikwa juani. Tangu siku hiyo nimekutana na makosa hayo hayo Chuka, Runyenjes na hata Siakago, kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike hapa, pamoja na namna ya kufanya kazi hii vizuri. Ni kazi ambayo kikundi kinaweza kuianza na vyombo vilivyo jikoni na mfuko mmoja tu.

SIMITI HAIKAUKI, INASHIKANA

Wengi wetu tumezoea udongo. Ukifinyanga chungu cha udongo, au ukikandika nyumba, unangoja kikauke. Basi tunafikiri simiti ni hivyo hivyo, na tunaiweka juani iharakishe. Lakini simiti haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Imetengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa kwa moto mkali mno, karibu digrii 1450, kisha vikasagwa kuwa unga pamoja na jasi kidogo. Unga huo ukikutana na maji unajifunga nayo na kugeuka jiwe. Ndiyo maana simiti inaweza kushikana hata chini ya maji, mahali ambapo udongo ungeyeyuka.

Kwa hiyo ukiianika juani, maji yanatoroka kabla unga haujamaliza kazi yake. Kwa nje unaona kitu kigumu na cheupe, kumbe ndani ni mchanga uliogandamana tu. Simiti inataka kunyweshwa kwa siku saba angalau, na nguvu yake kubwa inaipata ikifika siku 28. Hapo ndipo vile vyungu kumi na vitano vilipouawa: siku ya pili vilikuwa juani, siku ya nne vikapakwa rangi.

Maji ya kuchanganyia nayo yasizidi. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kilo mbili za simiti, lita moja ya maji. Kwa mfuko mzima wa kilo 50 ni kama lita 25. Mchanga ukiwa na unyevu, kama wakati wa mvua, punguza. Najua mchanganyiko mwepesi unafurahisha kwa sababu unamwagika wenyewe kama uji, lakini kila tone la ziada baadaye linaacha tundu dogo mahali lilipokuwa, na chungu chenye matundu elfu hakina nguvu. Mchanganyiko mzuri ukiufinya kwa mkono uliovaa glavu unabaki na umbo, bila maji kuchuruzika kati ya vidole.

Na mchanga? Wale akina mama walichota mchanga kando ya barabara, pale mvua inapoukusanya. Mchanga huo umejaa udongo wetu mwekundu, na udongo unazuia simiti isishike punje za mchanga. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga hadi kimo cha sentimita 10, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache itulie saa tatu hivi. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake. Tope likifika sentimita moja, mchanga huo uoshe au uuache.

Mchanga mzuri tunao, wa mito ya Tharaka na Mbeere. Hapa lakini naomba tuelewane. Huko chini wakati wa kiangazi akina mama wanachimba visima ndani ya mchanga huo huo wa mto ili wapate maji ya kunywa. Mchanga ndio tangi lao. Ukibebwa wote na malori, maji nayo yanakwenda. Miongozo ya NEMA ya mwaka 2007 inataka mchanga uchotwe mahali palipokubaliwa tu, na kikundi kinachonunua kina haki ya kumwuliza dereva ameutoa wapi. Kwa vyungu vya mfuko mmoja unahitaji wilbaro mbili tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua wa wizi. Vumbi la mawe kutoka machimbo ya kokoto pia linafaa, likichekechwa na kuchanganywa nusu kwa nusu na mchanga.

VYOMBO GANI VINAFAA

Chombo cha kutolea umbo tunakiita kalibu. Kalibu za kununua ni ghali na hazina haja. Tazama jikoni na nyuma ya nyumba: beseni za plastiki zilizopasuka kidogo, ndoo, mikebe ya mafuta ya kupikia, gorogoro, mitungi ya lita 20 iliyokatwa katikati, bakuli, sahani, hata kibuyu. Sharti kubwa ni moja: mdomo uwe mpana kuliko kitako, la sivyo ulichomwaga hakitatoka. Chombo chenye shingo, kama mtungi, unaweza kukitumia mara moja tu, kwa sababu lazima ukivunje. Kibuyu kinafaa kwa njia hiyo, na umbo lake ni zuri kuliko la beseni lolote, lakini usivunje kibuyu cha nyanya yako kwa ajili ya chungu cha shilingi mia mbili.

Sufuria za alumini usiguse. Simiti mbichi inakula alumini. Utaona mapovu madogo, na sufuria itatoka na madoa na mashimo ambayo hayatatoka tena. Na chombo chochote kilichotumika kwa simiti kisirudi kwenye chakula. Kiwekee alama ya rangi na ukiweke mbali na jiko. Mitungi iliyokuwa na dawa za kahawa au za miraa mimi nasema tuiache kabisa, kwa sababu watoto wanasaidia kazi hii tupende tusipende.

Miaka ya 1970, huko Karen, Nairobi, UNICEF na serikali walikuwa na kituo cha ufundi wa vijijini, na hapo watu walifundishwa kutengeneza matangi ya maji kwa kukandika simiti juu ya vikapu vikubwa vilivyosukwa kwa fito, kama ghala la mahindi. Wazo lilikuwa zuri na la bei nafuu. Lakini kikapu kilibaki ndani ya simiti. Baada ya muda fito zilioza, mchwa wakazifuata, na matangi mengi yakapasuka. Pale pale Karen walifundisha pia mtungi mkubwa uliokandikwa juu ya gunia lililojazwa vumbi la mbao, na simiti ikishashikana, vumbi linamwagwa na gunia linatolewa. Huo ulifanya vizuri zaidi, na huko Thailand katika miaka ya 1980 watu walitengeneza mitungi mikubwa ya simiti kwa mamilioni. Tofauti ni kwamba kalibu ilitoka. Kwa hiyo usiache ndani ya chungu chako kitu kinachooza: si vijiti, si kamba, si katani. Katani inaonekana kama nywele za kushikilia simiti, lakini simiti yenyewe inaila baada ya miaka michache.

Kinachofaa kubaki ndani ni waya. Hata hilo lina hadithi. Mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, jina lake Joseph Monier, alichoka na vyungu vya miti vilivyokuwa vikivunjika kila mara, akaanza kuweka wavu wa chuma ndani ya simiti. Mwaka 1867 akapata hati ya ugunduzi wake. Madaraja na nyumba za ghorofa tunazoziona leo zikiwa na nondo ndani zinatokana na chungu cha maua kama hiki. Kipande cha wavu wa kuku uliotupwa kinatosha kwa chungu kikubwa. Kwa chungu kidogo si lazima.

CHUNGU CHA BESENI MBILI

Tafuta beseni moja la lita 10 na jingine dogo la lita 5. Dogo likikaa ndani ya kubwa, liache nafasi ya sentimita tatu pande zote na chini. Paka beseni kubwa ndani na dogo nje kwa sabuni ya mche iliyokwaruzwa na kuyeyushwa kwa maji ya moto, au mafuta ya kupikia kidogo sana. Mafundi wengine wanatumia oili chafu ya gari. Inafanya kazi, ni kweli, lakini inachafua ngozi, inaacha madoa na mimea haiipendi.

Kwa tundu la kutoa maji chini, nimejaribu vitu vingi na kilichonishinda kwa uzuri ni gunzi la mahindi. Liloweke usiku mzima livimbe, likate urefu wa sentimita tatu na lisimamishe katikati ya beseni kubwa. Simiti ikishashikana gunzi linakauka, linanywea, na unalisukuma kwa kidole. Ukiliweka likiwa kavu litavimba ndani ya simiti na kupasua kitako. Nilijifunza hilo kwa kupasua vitako vitatu.

Changanya gorogoro moja la simiti na matatu ya mchanga yakiwa makavu kwanza, geuza mpaka rangi iwe moja, halafu ndipo utie maji kidogo kidogo. Jaza chini hadi usawa wa gunzi, shindilia kwa kipande cha ubao. Weka beseni dogo juu yake na utie mawe ndani, kwa sababu simiti mbichi inalisukuma juu kama maji yanavyosukuma mtumbwi. Jaza pembeni polepole huku mwenzako akigonga beseni la nje kwa ubao pande zote. Mapovu yatapanda juu. Usichoke kugonga. Vile vishimo unavyoviona kwenye vyungu vya wengine ni kazi ya mtu aliyechoka kugonga.

Ukipenda pambo la nje, hapa ndipo akili ya akina mama inaposhinda ya mafundi. Kipande cha kiondo kilichochakaa, kikipakwa sabuni na kukunjwa ndani ya beseni kubwa, kinaacha alama za msuko wake zote, kila uzi. Vizibo vya soda vinaacha vinyota, na kitako cha chupa kinaacha duara. Vipande vya sahani za udongo zilizovunjika unaweza kuvibandika juu ya ukingo simiti ikiwa bado laini, lakini makali yake yazamishe ndani. Kama unataka rangi isiyobanduka, nunua oksaidi nyekundu na uichanganye na simiti ikiwa kavu, kilo moja kwa kilo 20 za simiti. Usitumie udongo mwekundu badala yake, tumeshaona unavyofanya.

Funika chungu kwa majani ya migomba au gunia lililoloweshwa. Kesho yake wakati ule ule toa beseni dogo kwa kulizungusha taratibu, lakini lile kubwa liache mpaka siku ya pili. Huku Kibirichia na Timau, miezi ya Juni na Julai, ongeza siku moja, kwa maana baridi inachelewesha simiti. Kule Ishiara na Siakago shida ni kinyume, joto linaiba maji, kwa hiyo fanyeni kazi kivulini na asubuhi mapema. Kisha kwa siku saba chungu kilowe asubuhi, mchana na jioni chini ya gunia. Wekeni zamu na iandikwe kwenye daftari, kwa sababu kazi isiyo na jina la mtu inabaki bila mwenyewe, na siku ya soko ndiyo siku inayosahaulika.

Kabla ya kupanda maua, jaza chungu maji, yamwage baada ya siku mbili, ujaze tena, mara tatu au nne. Simiti mpya inatoa chokaa kali inayounguza mizizi. Wateja wengi wamerudi kulalamika kwamba "chungu kimeua ua langu," na wana haki.

JANI LA NDUMA

Hili ndilo ninalolipenda zaidi, na kalibu yake inaota bure kando ya kila kijito. Chagua jani pana la nduma lisilo na tundu. Lundika mchanga wenye unyevu uwe kama kichuguu kidogo, na ulisawazishe. Laza jani juu yake, mgongo wake ukitazama juu, yaani ule upande wenye mishipa mikubwa iliyotokeza. Changanya simiti moja kwa mchanga mbili uliochekechwa laini, na uupake juu ya jani kuanzia katikati kwenda nje. Katikati uwe unene wa sentimita tatu, ukingoni sentimita moja na nusu. Usivuke ukingo wa jani, maana ndio unaolipa umbo lake. Weka kipande cha wavu wa kuku katikati ya tabaka mbili, na juu kabisa bandika donge bapa la simiti liwe kitako cha kusimamia. Funika. Baada ya siku mbili geuza kwa uangalifu na ubandue jani. Likigoma mahali, liache likauke na ulisugue kwa brashi.

Utapata sahani yenye umbo la jani, na kila mshipa umechorwa humo hata ule mwembamba kama uzi. Watu wanainunua kwa ajili ya kuwekea ndege maji bustanini. Mzee mmoja wa Manyatta aliniambia kwa nini mtu anunue jani la nduma la mawe wakati la kweli liko mtoni. Nilicheka, lakini wiki mbili baadaye binti yake aliyekuja kutoka Nairobi alinunua mawili.

MIKONO NA MAGOTI

Naomba sehemu hii isomwe kwa sauti kwenye mkutano. Simiti mbichi inaunguza. Haiungui kama moto, ambao unaustukia mara moja. Inafanya kazi kimya kimya, na uchungu unakuja baada ya masaa. Namjua mama mmoja aliyepiga magoti kwenye simiti mbichi asubuhi nzima, leso yake ikaloa, akaendelea kwa sababu hakusikia kitu. Jioni alipovua, ngozi ya magoti ilikuja na nguo. Wiki tatu hakuchuma kahawa, na ilikuwa msimu.

Vaeni glavu za mpira, na zisiwe zimetoboka, kwa maana simiti ikiingia ndani ya glavu ni mbaya zaidi. Vaeni buti au viatu vilivyofungika. Ukilowa, vua nguo hiyo papo hapo na uoshe ngozi kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala majivu. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo na uende zahanati bila kungoja. Wakati wa kumimina mfuko, geukia upande ambao upepo unakupiga mgongoni na ufunge kitambaa puani. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali na vumbi hilo. Kazi ya kuwekea vizibo na kuchagua majani watoto wanaifanya vizuri sana, waachieni hiyo.

HESABU

Mfuko mmoja wa kilo 50, ukichanganywa moja kwa tatu, unatoa takriban lita 100 za mchanganyiko. Chungu cha beseni la lita 10 na la lita 5 kinakula lita 5. Kwa karatasi ni vyungu 20, lakini kuna kinachomwagika na kinachobaki kwenye sepeto, kwa hiyo andika 18. Viwili vivunjike. Una 16 vya kuuza.

Tufanye mfano, na nyinyi muweke bei za dukani kwenu siku hiyo. Tuseme simiti ni shilingi 800, mchanga 200, sabuni na waya 150, usafiri 250. Jumla 1,400. Ukigawanya kwa 16, kila chungu ni kama shilingi 88, na hapo vikundi vingi vinafurahi na kuuza kwa 150. Lakini nani aliyefanya kazi? Akina mama wanne kwa siku nzima, na kunyweshea kwa siku saba tuhesabu kama siku moja zaidi ya mtu mmoja. Ni siku tano za kazi. Kama kibarua cha shamba ni shilingi 300, hizo ni 1,500. Sasa jumla ni 2,900, na kila chungu kimegharimu shilingi 181. Ukiuza 150 unamlipa mteja akuchukulie chungu. Ukiuza 250 unapata 4,000, na kinachobaki kwa kikundi ni 1,100 baada ya kila mtu kulipwa jasho lake.

Mume wa mwanachama mmoja alisema kazi ya akina mama haihesabiwi kwa kuwa wako nyumbani tu. Nilimwomba akae na beseni na ubao agonge kwa saa moja. Hakuleta neno hilo tena.

Jambo jingine ni uzito. Chungu kimoja kina zaidi ya kilo 10. Ukikipeleka mbali kwa matatu, nauli inakula faida na barabara inakula chungu. Wateja wenu ni wa karibu: shule, parokia, zahanati, wenye vitalu vya miche kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, na mtu anayejenga nyumba mpya. Tengenezeni vitatu vya kuonyesha, mpeleke, mpate maagizo na malipo ya awali. Na mfuko wa pili usinunuliwe kabla vyungu vya mfuko wa kwanza havijauzwa. Simiti ikikaa zaidi ya miezi mitatu inapoteza nguvu, na ikikaa sakafuni inavuta unyevu na kuwa mabonge. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kile kikundi cha Imenti Kusini kilijaribu tena na nusu mfuko. Safari hii walinunua kwa mkopo mdogo kutoka kwa jumuiya yao ndogo ndogo, wakatengeneza vyungu tisa, na shule ya msingi ya jirani ikavichukua vyote kwa ajili ya njia ya kuingilia. Pesa za kwanza zilikwenda kwa yule mama. Zilikuwa zimechelewa muhula mmoja, na mtoto alikuwa amekaa nyumbani wiki nne. Hilo hatukuweza kulirudisha.

MISALABA NA MAJINA

Vikundi kadhaa vimeniuliza kuhusu misalaba ya makaburini, na ni kweli kwamba kazi hiyo ina wateja kuliko maua. Kalibu yake ni mbao nne ndefu na nane fupi zilizogongwa pamoja juu ya meza, zikipakwa sabuni kama beseni. Unene uwe sentimita sita na ndani pawe na nondo nyembamba ya robo inchi, moja ya kusimama na moja ya kulala, zikiwa zimefunikwa na simiti sentimita mbili kila upande ili kutu isiingie. Hapa ongeza kokoto ndogo: simiti moja, mchanga mbili, kokoto mbili. Usiutoe kabla ya siku tatu, na usiusimamishe kabla ya siku kumi. Familia zinaharakisha, lakini msalaba ukivunjika makaburini mbele ya watu, hamtaagizwa tena.

Kuhusu jina, nitaungama. Msalaba wa kwanza niliosimamia, tulikata herufi kwa mpira wa ndala kuukuu, tukazibandika chini ya kalibu vizuri, jina lote likisomeka. Tukamwaga. Tulipougeuza siku ya tatu, jina la marehemu lilikuwa limeandikwa kinyumenyume, na siku ya kuutoa familia ilikuwa tayari imesimama uani. Fundi hakusema neno. Alilowesha uso wa msalaba, akapaka ute mzito wa simiti ukafunika herufi zote, akangoja saa mbili, kisha akaandika jina kwa msumari, polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani. Mjane alisema amependa mwandiko huo.

Kwa hiyo chagueni moja kati ya hizo njia mbili. Ama mwandike kwa msumari juu, masaa mawili baada ya kumwaga, ama mbandike herufi chini zikiwa zimegeuzwa. Mkibandika, chukueni kioo cha kujitazama na mkishike mbele ya kalibu kabla ya kumwaga. Jina lisomeke sawa ndani ya kioo. Na mtu wa familia awepo aangalie tahajia na tarehe.